Simu Yako Isikuambie U Mzima

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu si uvivu (ingawa uvivu nao upo kidogo). Nimejaribu kuandika makala hii mara tatu nikaiacha, kwa sababu kila nikianza najikuta najitetea. Leo nimeamua kuyasema mambo kama yalivyokuwa.

Katika nyumba tunazopanga hapa Nairobi kuna mzee anayelinda lango. Jina lake nitaliweka kando. Tumezoeana sana. Nikirudi usiku kutoka kazini huniambia, "Kijana wangu, hizo kompyuta zitakumaliza macho," nami humjibu, "Mzee, zikinimaliza utanishika mkono unipandishe ngazi." Mwaka jana alikuwa na kikohozi. Hakikuwa kikali. Alikohoa mara mbili tatu, akanyamaza, kisha akaanza tena. Mwenyewe alisema ni baridi ya usiku na vumbi la barabara.

Wakati huo mimi nilikuwa nimelewa akili unde. Nilikuwa nimesoma habari za programu zinazosikiliza kikohozi na kutambua ugonjwa wa mapafu, nikajiambia: nina digrii ya sayansi ya kompyuta, nina tarakilishi, nina wikendi mbili tupu. Kwa nini nisijaribu? Nikajaribu. Programu yangu ikapata asilimia 97 kwenye majaribio. Asilimia 97! Nilicheza dansi peke yangu chumbani.

Jioni moja nilimwomba mzee akohoe mbele ya simu yangu. Akakohoa. Programu ikaandika neno moja: MZIMA. Nikamwonyesha. Akafurahi, akanishukuru, akasema, "Basi, nilikuwa nafikiria kwenda hospitali wiki hii. Acha nihifadhi hiyo nauli."

Nilimsikia vizuri akisema hivyo, na sikumpinga.

Kabla sijaendelea, hebu nieleze jinsi programu za aina hii zinavyofanya kazi, maana si uchawi. Kusikiliza kifua ili kujua kilicho ndani ni jambo la zamani. Daktari Mfaransa René Laennec alitengeneza chombo cha kwanza cha kusikilizia kifua mjini Paris mwaka 1816, akianza na karatasi iliyoviringishwa. (Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1826, na kilichomuua ni kifua kikuu.) Tofauti ya leo ni kwamba anayesikiliza ni tarakilishi, na tarakilishi haina sikio. Ina namba tu.

Maikrofoni ya simu hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa namba, maelfu kwa maelfu kila sekunde: 16,000, ama 44,100, kulingana na ulivyoipanga. Tunazichukua namba hizo tunazigeuza kuwa picha. Kutoka kushoto kwenda kulia ni wakati. Kutoka chini kwenda juu ni sauti nene hadi sauti nyembamba. Mwangaza wa kila doa ni nguvu ya sauti. Picha hiyo huitwa spektrogramu. Kikohozi huonekana humo kama mlipuko wa ghafla pale koo linapofunguka, halafu hewa ikitoka, na mara nyingine mlio mdogo wa kumalizia. Mapafu yaliyojaa makohozi, ama yaliyotobolewa na ugonjwa, hayapitishi hewa sawa na mapafu safi. Kwa hiyo kuna sababu nzuri ya kudhani kwamba picha zao zitatofautiana.

Baada ya hapo unachukua mtandao wa neva, aina ile ile inayotofautisha paka na mbwa kwenye picha, unaulisha maelfu ya picha za kikohozi. Kila picha ina lebo: huyu mgonjwa, huyu mzima. Hakuna anayeuambia utazame wapi. Unatafuta wenyewe tofauti yoyote inayouwezesha kubahatisha vizuri. Naomba ulishike hilo neno "yoyote", kwa sababu ndilo lililonifunga mimi.

Wiki kama tatu baada ya jioni ile, mzee alianza kutokwa na jasho hata kwenye baridi ya usiku. Koti lake likaanza kumpwaya. Mkewe ndiye aliyemlazimisha kwenda hospitali. Makohozi yakapimwa, akapatikana na kifua kikuu. Anaishi chumba kimoja na mkewe na mjukuu wa miaka minne. Ilibidi wote wapimwe, na mtoto akaanzishiwa dawa za kumkinga. Ukihesabu, ni wiki tatu ambazo mtoto yule alilala chumba kimoja na ugonjwa wenye tiba, na babu yake akiamini ni mzima kwa sababu simu yangu ilisema hivyo.

Nilirudi kwenye programu yangu nikaifungua kama fundi anayefungua injini iliyogoma. Sikuchukua muda kuona kosa. Sauti za wagonjwa nilikuwa nimezipakua mtandaoni, zilizorekodiwa na watu wengine kwa vifaa vingine. Sauti za wazima zilikuwa za rafiki zangu, na nilizirekodi mwenyewe kwa simu yangu, sebuleni kwangu, friji ikinguruma. Nikafanya jaribio moja rahisi: nikakata kikohozi chenyewe kwenye kila sauti, nikaacha ule ukimya wa kabla na baada yake. Nikaipa programu ukimya huo. Bado ilipata zaidi ya asilimia 90!

Umeelewa? Programu yangu ilikuwa imejifunza simu yangu. Chochote kilichopita kwenye maikrofoni yangu kilikuwa "mzima". Mzee angeweza kunguruma kama simba, jibu lingekuwa lile lile.

Labda utasema hilo ni kosa la mwanagenzi, na wataalamu hawawezi kulifanya. Natamani ingekuwa hivyo. Mwaka 2020, janga la COVID-19 likiwa limepamba moto, watafiti wa MIT kule Marekani walichapisha kazi iliyosifiwa dunia nzima. Walikusanya sauti za kikohozi ambazo watu walizituma wenyewe kupitia mtandao, na programu yao ikatambua asilimia 98.5 ya waliokuwa na virusi, na asilimia 100 ya waliokuwa navyo bila dalili. Vichwa vya habari vikatangaza kwamba simu itachukua nafasi ya kipimo. Mimi pia niliamini.

Kisha wakaja watafiti wa Uingereza wakiwemo wa Taasisi ya Alan Turing. Wao walikusanya sauti za watu 67,842, kati yao 23,514 wakiwa wamethibitishwa kuwa na virusi kwa kipimo cha maabara. Matokeo yao yalitoka mwaka 2024. Kwa mtazamo wa kwanza programu ilionekana hodari: alama 0.846, kwenye kipimo ambacho 1 ni ukamilifu na 0.5 ni sawa na kurusha sarafu. Halafu wakafanya kitu ambacho wengi hawakukifanya. Waliwalinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa wa umri sawa, jinsia sawa na dalili sawa. Alama ikaanguka hadi 0.619. Programu ilikuwa imejifunza zaidi jinsi watu hao walivyopatikana kuliko virusi vyenyewe. Hitimisho lao lilikuwa kwamba hakuna ushahidi kuwa sauti ilisaidia kuliko kumuuliza mtu tu dalili zake.

Kwa hiyo tutupe wazo lote? Hapana, na hapa ndipo nataka tuwe makini, kwa sababu kazi nzuri ipo na nyingine imefanyika hapa hapa Nairobi. Watafiti wa KEMRI na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington walirekodi sauti za kikohozi 33,000 zinazojitokeza zenyewe, pamoja na nyingine 1,600 za kujilazimisha, na wakachapisha matokeo mwaka 2024. Kilichonifurahisha ni mpangilio wenyewe: wagonjwa wa kifua kikuu na watu wenye magonjwa mengine ya mapafu walirekodiwa katika mazingira yale yale yaliyodhibitiwa. Yaani waliifunga milango ambayo programu yangu ilipitia. Tena walijaribu maikrofoni za aina mbalimbali, na ya simu ikawa miongoni mwa zilizofanya kazi vizuri.

Na alama zao? Programu ilitambua kama wagonjwa 70 kati ya 100, na ilifanya vizuri zaidi kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa umewazidi. Sabini! Mimi na ujinga wangu nilikuwa na 97. Tangu siku hiyo nikiona namba kubwa sana kwenye matangazo ya programu za afya, badala ya kupiga makofi nashika kiti.

Linganisha hiyo 70 na kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2014 kwa kipimo cha kuchuja, yaani kile cha kuamua nani apelekwe kwenye kipimo kamili. Kiwango cha chini kilikuwa kutambua wagonjwa 90 kati ya kila 100, na kati ya kila watu 100 wasio na ugonjwa, kuwaambia kwa usahihi angalau 70 kwamba hawanao. Tuseme mwaka kesho mtu anatengeneza programu inayofika hapo. Tupige hesabu pamoja, chukua kalamu.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Kenya mwaka 2015 na 2016 ulikadiria kwamba kati ya kila watu wazima 100,000, wenye kifua kikuu ni 558. Basi kwa watu 1,000 ni kama sita. Programu yetu itawanasa watano na kumkosa mmoja. Wasio na ugonjwa ni 994, na programu itawashuku kimakosa asilimia 30 yao, yaani kama 298. Jumla ya watakaoambiwa waende wakapimwe ni 303, na kati yao wenye ugonjwa ni watano tu.

Mtu wa haraka atasema hicho ni kipimo cha bure. Mimi naona tofauti. Kupima makohozi ya watu 303 ni rahisi kuliko kupima ya watu 1,000, na wale watano wamepatikana. Hao 298 wamepoteza nusu siku na kupata wasiwasi, jambo ambalo si dogo, lakini watarudi nyumbani na jibu la maabara. Anayenisumbua usingizi ni yule mmoja aliyekoswa. Simu ilimwambia nini? Kama ilimwambia "uko sawa", basi imemdhuru, maana bila simu angeendelea kuhangaika na kikohozi chake na pengine angeenda hospitali. Yule mmoja ninamfahamu, hunifungulia lango kila usiku.

Haya basi, maoni yangu ni haya. Programu ya kusikiliza kikohozi iruhusiwe kusema "nenda ukapimwe." Isiruhusiwe kamwe kusema "uko sawa." Isipowekwa rangi ya kijani, isipowekwa alama ya tiki, isipowekwa uso unaotabasamu. Ikiwa haikusikia kitu cha kuishtua, iseme hivyo hivyo: sijasikia cha kutosha kusema lolote, na kama umekohoa wiki mbili ama zaidi, nenda hata hivyo. Skrini ile ya pili, ile ya furaha, ifutwe kabisa.

Rafiki yangu mmoja ambaye pia ni mwandishi wa programu aliponisikia alicheka. Akasema, "Nani atapakua programu isiyompa habari njema?" Ni swali zuri la biashara. Lakini nadhani limeelekezwa kwa mtu asiyefaa. Anayefikiria kifaa hiki kama kitu cha kupakua, cha kujichezea kitandani usiku, amekiweka mahali pabaya tangu mwanzo. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwapa mikoba ya vifaa vya kazi. Hao ndio wanaoingia nyumba kwa nyumba. Simu inayosikiliza kikohozi ikiwa mkononi mwa mhudumu anayeweza kukuuliza maswali, kukuelekeza pa kupeleka makohozi na kurudi wiki ijayo kuuliza jibu, inakuwa na maana. Ikiwa mkononi mwako peke yako saa sita usiku, inakuwa kama kupiga ramli.

Na hata huyo mhudumu hatafaa kitu kama kituo anachokuelekeza hakina kipimo. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu la makohozi kwa muda usiozidi saa mbili hivi, lakini inakula katriji, na katriji hugharimu pesa. Tusije tukanunua masikio elfu kumi ya kidijitali yanayotuma watu kwenye foleni isiyo na mwisho.

Jambo jingine ni sauti zenyewe. Mwaka 2024 Google ilieleza kuhusu mfumo wake uitwao HeAR, uliofunzwa kwa vipande milioni 300 hivi vya sauti, kama milioni 100 kati yake vikiwa vya kikohozi. Hiyo ni kazi kubwa na sitaidharau. Lakini wingi pekee hauniondolei swali langu la friji. Kuna mvua juu ya mabati, kuna matatu inayopiga honi dirishani, kuna kifua cha mama aliyepikia kuni miaka thelathini. Programu ambayo haijawahi kukutana na hayo itayapa maana ya kwake. Ndiyo maana nilifurahi kuona mashindano ya CODA TB yalitumia sauti za watu 2,143 kutoka nchi saba, zikiwemo jirani zetu Uganda na Tanzania. Tunahitaji zaidi ya hizo, zikikusanywa kwa utaratibu ule wa watu wa KEMRI.

Na zikikusanywa, ziheshimiwe. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na inataja utambuzi wa sauti miongoni mwa alama za mwili wa mtu. Simu inayosubiri ukohoe usiku kucha inasikia pia mnavyogombana kuhusu karo. Anayetaka kikohozi changu anieleze anakipeleka wapi na atakifuta lini.

Kwa hiyo, msomaji, siku ukikutana na tangazo la programu inayojua ugonjwa kwa sauti, uliza maswali matatu. Waliokohoa ni akina nani, na walipatikanaje? Wagonjwa na wazima walirekodiwa kwa kifaa kimoja mahali pamoja? Na je, inashinda kumuuliza mtu tu, "umekohoa kwa muda gani, na umepungua uzito?" Wakishindwa kujibu, funga ukurasa uende zako. Huhitaji digrii yangu kuuliza hayo, na digrii yangu haikunisaidia kuyauliza kwa wakati.

Mzee alimaliza dawa zake za miezi sita. Koti linamtosha tena. Mjukuu naye yuko salama. Siku moja nilijikaza nikamweleza yote, hadithi ya friji na ya ule ukimya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akasema, "Kijana wangu, usijilaumu. Mimi ndiye niliyetaka kusikia hivyo."

Nimelifikiria sana jibu lake, na sidhani linanisafisha. Kila anayekohoa anataka kusikia hivyo. Sisi tunaoandika programu tunalijua jambo hilo vizuri, na ndiyo sababu tunaweka ile tiki ya kijani.

Programu bado ninayo. Nimefuta neno moja tu ndani yake, na unajua ni lipi. Kama unakohoa, nenda ukapimwe. Dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Tukutane wakati mwingine, Mungu akipenda, na wasalimie wote hapo nyumbani.